Dakika za Hilda

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mkuu wa shule kaniita kabla ya kipindi cha kwanza. Majina ya watahiniwa wenye mahitaji maalum yafike wilayani Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Mimi ndiye mwalimu wa taaluma, kwa hiyo mzigo ni wangu. Akauliza wako wangapi. Nikamwambia mmoja.

Hilda Gidamis, Kidato cha Nne. Uoni wake ni hafifu tangu kuzaliwa. Karatasi anaisogeza mpaka karibu iguse pua. Ubaoni haoni kitu — anasomewa na Scolastica anayekaa naye, kwa kunong'ona, na sisi walimu tumejifanya hatusikii tangu wako Kidato cha Kwanza. Lakini kichwa chake! Nikifundisha jambo leo, wiki mbili baadaye ananirudishia neno kwa neno, na kikohozi changu anakumbuka kilikuwa wapi. Shida ni muda. Kila mtihani maswali ya mwisho yanabaki matupu, siyo kwa kutojua, ila kengele inampata bado anasoma swali la katikati. Anataka Kidato cha Tano, anataka sheria. Akiandikishwa, Novemba ataletewa karatasi ya maandishi makubwa na ataongezewa dakika. Asipoandikishwa ataandika nusu ya anachojua na kurudi nyumbani na nusu ya matokeo.

Basi nikaingia darasani na furaha yangu yote nikatangaza. Mbele ya wote. Jamani Hilda, habari njema! Darasa zima likamgeukia. Hilda akainamia dawati, hakuinua uso mpaka nimetoka. Huu mdomo wangu siku moja nitaushona.

Jumatano, 5 Februari 2025

Vicent kaja ofisini saa ya chakula, shati limepigwa pasi, kasimama wima kama mtu aliyekuja kuposa. Ndiye wa kwanza darasani. Hilda ni wa pili, muhula hadi muhula, kwa sababu ya yale maswali matupu. Akasema ana swali tu, siyo kwamba anapinga. Hawa wa "siyo kwamba napinga" nawajua.

Yeye anatoka mbali, upande wa Mogitu. Anaamka giza bado, anakamua, anapeleka ng'ombe malishoni ndipo anakimbilia shule. Akifika geti limefungwa. Anapewa fyekeo, anafyeka majani kipindi cha kwanza kizima, na kipindi cha kwanza ni Hisabati. Sasa anauliza: dakika zake hizo nani anamrudishia? Mbona za Hilda zinarudishwa?

Nikamwambia macho siyo ng'ombe. Macho huwezi kuyaacha nyumbani.

Akafikiri kidogo. "Sawa, madam. Lakini hata ng'ombe wa baba siwezi kuwaacha nyumbani."

Nikamwambia achomekee shati. Shati lilikuwa limechomekewa.

Jioni hii nimekaa na uji unapoa, bado natafuta jibu. Kusema kweli sijalipata. Najua tu kwamba mmoja akinyimwa siyo sababu ya kuwanyima wote wawili, lakini hilo nalo ni la kumwambia nani? Vicent hakuomba Hilda anyimwe. Aliomba na yeye ahesabiwe.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Kikao cha wazazi. Jua kali, upepo unapiga mabati, vumbi kwenye meno. Mkuu kanirushia mada ya mahitaji maalum bila kunionya. Nikaeleza kwa Kiswahili, Mwalimu Tadei wa Jiografia akatafsiri kwa Kiiraqw, mama mmoja wa Gendabi kwa Kidatoga. Kila lugha ilikuwa ndefu kuliko nilichosema. Sijui waliongeza nini.

Baba Kelvin akauliza shule inajuaje kwamba mtoto haoni vizuri. Nilikuwa na njaa. Nikajibu haraka haraka: kwa mfano, mtoto anayevaa miwani. Vichwa vikatikisika kwa kuridhika, mpaka nyuma kabisa. Nikajipongeza kwa kueleweka.

Wazazi wa Hilda hawakuja.

Jumanne, 11 Februari 2025

Sijui nicheke au nilie.

Jana ilikuwa mnada. Leo wanafunzi watano wa Kidato cha Nne wamekuja na miwani! Zile zinazotandazwa chini pamoja na betri na nyembe. Ya Kelvin inakuza kila kitu — kakanyaga hewa kwenye ngazi ya darasa, kaanguka yeye na ndoo ya maji. Ya Jenifa ina kibandiko katikati ya kioo, hataki kukibandua kwa sababu baba yake kasema ikikataliwa shuleni irudi kwa muuzaji. Ya mwingine ni ya jua, nyeusi tii. Nikamuuliza anaona nini. Akasema anaona vizuri, madam, ila kumeingia jioni.

Nikazikusanya zote mezani kwangu. Mimi na Tadei tulicheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha, tukabaki tunazitazama zile miwani. Hawa wazazi hawakudanganya. Mimi nilisimama mbele yao nikasema mwenye miwani anapata dakika. Wakaenda mnadani kununua dakika. Mtu kauza kuku wake kwa neno langu, na nitamwambiaje sasa?

Vicent hakuwa na miwani. Hilo nimeliona.

Jumatano, 12 Februari 2025

Mapumziko ya saa nne nilisahau chaki, nikarudi ofisini. Hilda yuko ndani, amesimama mbele ya tangazo la ukutani na miwani ya Jenifa usoni. Akaivua, akavaa ya Kelvin. Akasogea, akarudi nyuma. Akavua. Akajaribu zote, hata ile nyeusi. Kisha akazipanga mezani kama alivyozikuta, na mikono yake ikatulia juu ya meza.

Nilikuwa nimeshika mlango. Roho iliniuma, kwa kweli. Nikakohoa, akageuka. Akaniamkia, nikaitika. Akasema hospitali walishawaambia zamani kwamba macho yake siyo ya miwani, lakini alitaka kujua kama labda.

Nikaona ndiyo nafasi. Nikamkalisha, nikamweleza upya, safari hii taratibu. Jina lako liende. Ni haki yako, siyo zawadi. Akasikiliza mpaka mwisho, ana adabu huyu mtoto, kisha akasema hapana.

"Madam, nikipata divisheni wani watasema ni ya dakika. Nikipata three, angalau ni yangu."

Nilikasirika. Sitaandika hapa nilivyomjibu, ila nilitaja neno kiburi. Aliomba ruhusa akatoka. Nilivyotulia nikaona siyo kiburi hata kidogo. Ni mimi niliyetangaza darasani, ni mimi niliyeleta miwani. Kabla ya mdomo wangu, dakika hizi zilikuwa bado safi.

Jumamosi, 15 Februari 2025

Nimekwenda kwao. Gendabi huku chini, njia ya ng'ombe, kwa miguu, maana pikipiki ilikwama kwenye mchanga. Boma pana, miiba mipya. Nikamwamkia mzee Gidamis shikamoo, akaitika, akaniuliza habari za Masieda kwetu, mvua, mifugo, mama yangu, kila kitu kwa mpangilio wake. Nikaletewa maziwa kwenye kibuyu. Baada ya hayo ndipo shauri.

Nilijiandaa vizuri. Njia nzima nilikuwa nimepanga mfano wa kisimani, kwamba wafugaji wanajua ng'ombe dhaifu anahitaji nafasi yake ya kunywa. Nikauweka huo mfano kwa madaha. Mzee akanitazama kwa huruma.

Akasema kisimani wenye nguvu wanakunywa kwanza. Mwenye mguu mbovu anakunywa mwisho, matope. Akizidi kubaki nyuma, wanampeleka mnadani.

Basi! Mfano wangu wote chini. Hilda alikuwa karibu, anasafisha vibuyu, hakuangalia upande wetu, lakini nilimwona anajizuia kucheka.

Mzee akaendelea, sasa bila mzaha. "Mwalimu, wewe unataka mimi niandike mtoto wangu ni kilema. Kwa mkono wangu. Karatasi iende serikalini ikae huko."

Nikamwambia haiko hivyo. Lakini nilikuwa nayo mkobani, na iko hivyo. Kuna mstari umeandikwa: aina ya ulemavu. Nikamsomea mwenyewe, maana nisingeweza kumficha. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema Hilda mpaka leo anajua kila mnyama wa boma hili gizani, hajawahi kupoteza hata mbuzi, na hakuna mtu hapa aliyewahi kumwita hilo jina. Nami ndiye wa kwanza kulileta, akasema, ingawa nimelileta kwa wema.

Mama yake akanisindikiza mpaka njiani. Ni mtu wa maneno machache. Akasema wakati Hilda anajifunza kutembea, yeye alikuwa anavaa vikuku vyote miguuni ili mtoto amfuate kwa sauti. Ndugu zake walikuwa wanamcheka kwamba anatembea kama harusi. Hakusema kama anakubali au anakataa. Akaniambia nitembee kabla jua halijazama.

Nimechoka. Miguu ina malengelenge.

Jumapili, 16 Februari 2025

Kanisani. Mama kapiga simu, maharage yametoka vizuri, anauliza kama nakula. Mchana wote nimeandika jaribio la Jumanne kwenye karatasi ya manila, herufi kubwa, kwa makapeni. Printa ya shule ina wino wa salamu tu, mistari miwili inafifia. Kidole kimekufa ganzi.

Jumanne, 18 Februari 2025

Jaribio la Historia. Nilipanga hivi: Hilda aone mwenyewe inavyokuwa. Karatasi kubwa, dawati karibu na dirisha, muda wa ziada. Baada ya hapo aseme hapana akitaka.

Akaitandaza ile manila. Kwa mara ya kwanza nilimwona anasoma mgongo umenyooka. Siyo sana, lakini umenyooka! Akaandika bila kusimama. Scolastica aliyekaa nyuma yake alikuwa anamtazama zaidi ya karatasi yake mwenyewe.

Kengele. Nikakusanya. Nikasema, kwa sauti ndogo kabisa safari hii, Hilda wewe endelea. Hakuna aliyeguna. Lakini hakuna aliyetoka pia. Walikuwa wanapanga madaftari polepole, wanafunga mikoba isiyo na kitu, wanasubiri kuona.

Akafunga kalamu. Akaikunja manila mara mbili, vizuri, akaniletea na majibu yake, akatoka na wenzake. Maswali mawili ya mwisho matupu. Alikuwa nazo dakika hizo, zake, karatasi inasomeka, na majibu anayo, najua kwamba anayo kwa sababu ni mimi niliyemfundisha. Akaziacha dakika zote mezani.

Nilikaa peke yangu humo ndani muda wote wa ziada. Sijui kwa nini. Nadhani niliona aibu kutoka mapema.

Jumatano, 19 Februari 2025

Nimesahihisha. Vicent wa kwanza. Hilda wa pili. Yale aliyoyajibu karibu yote ni kamili.

Nikabandika matokeo. Saa ya kutoka Vicent kaja tena, bila pasi leo. Kauliza kama Hilda aliyakosea yale mawili au hakuyajibu. Nikamwambia hakuyajibu. Kauliza kama alikuwa anayajua. Nikasema muulize mwenyewe, mimi siyo redio ya darasa. Hakuondoka.

"Basi mimi ni wa kwanza wa nini, madam?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Akanieleza kwamba darasani wanampongeza, na yeye anajisikia kama ameshinda mbio ambazo mwenzake alisimama kabla ya kamba. Bora ashindwe, akasema. Hapana — akajirekebisha, siyo bora ashindwe, yeye hapendi kushindwa. Lakini bora ajue.

Nikamwuliza na suala la ng'ombe je, limeisha? Akasema halijaisha. Lile liko palepale. Nilimpenda kwa jibu hilo, sikumwonyesha.

Alhamisi, 20 Februari 2025

Mimi ni mwalimu wa zamu wiki hii. Asubuhi geti nililiacha wazi. Wa mbali walipofika niliwaambia waingie darasani, majani yatafyekwa mchana. Vicent alipita mbio, hakuamini, akageuka mara mbili kuangalia kama namtania. Mkuu aliniona. Kaniambia tutazungumza. Tuzungumze tu. Sijamjibu Vicent bado, lakini kipindi cha Hisabati amekaa chote.

Mchana Scolastica kaniletea habari, kwa kunong'ona kama kawaida yake. Vicent kamfuata Hilda bombani. Kamwambia hataki kumshinda mtu asiyefika mwisho. Hilda kamjibu kwamba yeye siyo kipimo cha Vicent, na huruma yake akawape ng'ombe. Vicent kasema siyo huruma, anaogopa. Anaogopa nini? Kwamba mwezi wa kumi na moja atapata nafasi ambayo siyo yake, na hatajua. Hilda kajaza ndoo, kaondoka. Scolastica anasema alikuwa anatembea haraka sana, maji yanamwagika. Mtoto asiyemwaga maji.

Kwa hiyo wote wawili wanaogopa kitu kimoja. Kila mmoja anaogopa apewe kisicho chake. Na mimi mwaka mzima nahangaika na wanaoibia mitihani.

Jioni mama yake Hilda kapita, anatoka dukani. Hakukaa. Kaleta ujumbe wa mzee: Hilda ana akili zake, aamue mwenyewe. Mzee hataweka dole gumba kwenye neno lile, lakini Hilda akiweka mkono wake, yeye hatagombana na mkono huo.

Nikamwuliza mama, na wewe? Akasema yeye alishavaa vikuku. Akajifunga kanga, akaenda.

Kesho ndiyo mwisho.

Ijumaa, 21 Februari 2025

Saa mbili asubuhi mkuu kaulizia majina. Nikasema jina moja, bado. Akasema anaondoka saa sita kwenda wilayani, kuwe na jina au kusiwe.

Sikumwita Hilda. Niliapa jana nisimwite. Nimefundisha kipindi cha pili na cha tatu bila kumwangalia, na ni kazi ngumu kutomwangalia mtu mmoja katika darasa. Mapumziko yakapita. Nikala makande bila kujua nakula nini.

Saa sita kasoro kaingia. Kaniamkia. Akasema, "Madam, ile karatasi naweza kuijaza mwenyewe?"

Kwa kawaida naijaza mimi, mtahiniwa anaweka sahihi. Mistari ni myembamba, herufi ni za sisimizi. Nikamwambia nitamsomea, aniambie niandike nini. Akasema hapana, anataka kuisoma. Nikamwuliza kama anakubali jina liende. Akasema asome kwanza.

Nimempa. Nimemsogezea meza ya Tadei ya dirishani. Nimekuja kukaa huku kwangu na kufungua hiki kijitabu, ili mikono yangu iwe na kazi na mdomo wangu ufungwe.

Amesoma ukurasa wa mbele wote. Pua iko kwenye karatasi, inakwenda mstari kwa mstari, inarudi, inakwenda. Dirishani wamesimama baadhi yao, Kelvin, Jenifa, Vicent nyuma yao na daftari mkononi. Nilitaka kuwafukuza. Hilda anajua kwamba wapo, anawasikia. Hajajificha, hajafunika karatasi kwa mkono wala hajaharakisha.

Sasa amefika kwenye mstari ule wa aina ya ulemavu. Najua kwa sababu amesimama hapo. Ameinua kalamu, ameishusha. Hajaandika.

Mkuu amewasha pikipiki nje. Anaita, Mwalimu Efrazia, nakwenda!

Ameanza kuandika. Siyo neno moja, ni refu. Anaandika polepole, ananyoosha kila herufi. Sioni kutoka hapa ni ndiyo au ni hapana, au ni jina alilolipa mwenyewe jambo lile, na sitasimama kwenda kuangalia.

Mkuu amepiga honi. Hilda amesimamisha kalamu, akageuza uso upande wangu, akauliza kama muda umeisha.

Nimemwambia haujaisha. Nimetoka mlangoni nikamwambia mkuu azime pikipiki, tunasubiri. Amezima. Nimerudi kukaa. Bado anaandika.